Ufito wa Mama na Godoro la Baba

Godoro la wazazi wangu liliingia nyumbani kwetu likiwa kichwani mwa baba. Alilinunua sokoni Sigowet, mwaka ambao bonasi ya chai ilikuwa nzuri, na badala ya kulipakia kwenye pikapu ya mtu alilibeba mwenyewe, tena kwa njia ndefu inayopita kanisani, ili asikose wa kumwona. Lilikuwa la futi nne kwa sita, zito, limevikwa nailoni iliyong'aa juani. Waliomsalimu njiani aliwajibu bila kugeuza shingo, maana hakuweza. Baba alilitamka "kotoro", na kwetu hakuna aliyethubutu kumsahihisha, hata mimi niliyekuja kuwa mwalimu.

"Hii kotoro ni hevi duti," alimwambia mama siku hiyo. "Hata ng'ombe ikilala hapa, asubuhi inarudi vile ilikuwa."

Ile nailoni haikutolewa. Baba alishikilia kwamba kitu kikishavuliwa nguo ndipo huanza kuzeeka. Kwa miaka miwili wazazi wangu walilala juu ya nailoni, na mmoja wao akigeuka, nyumba nzima ilipata habari. Mwishowe mama aliichana siku baba alipokwenda mkutanoni, akajitengenezea aproni ya kuchumia chai wakati wa mvua. Baba alinuna siku tatu, kisha akakubali kwamba aproni ilikuwa nzuri.

Mambo ninayosimulia yalitokea baadaye, katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi iliyo mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Nilikuwa na nyumba yangu ndogo palepale bomani, upande wa juu, na chakula nilikula jikoni kwa mama kila siku. Lakini chumba chao cha kulala sikuwa nimekikanyaga tangu nilipotoka jandoni. Kwetu Wakipsigis, kijana akishatahiriwa haingii tena mahali wazazi wake wanapolala, na kitanda chao hakikalii hata kwa bahati mbaya. Kile kitanda nilikijua kwa mlio tu. Namwomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa sababu ndilo lililonifanya nionekane mjinga mbele ya watu.

Sasa nieleze ufito. Anayechuma chai vizuri hachumi kwa macho peke yake. Anakuwa na ufito mrefu ulionyooka, anaulaza juu ya michai, na yote yanayochomoza juu ya ufito ndiyo anayachuma: majani mawili na chipukizi. Kwa njia hiyo shamba hubaki tambarare, na watu wa chai huita usawa ule meza. Ufito ukiwa umepinda, meza nayo inapinda, na shamba linakuwa mabondemabonde, aibu tupu kwa mwenyewe.

Mama alikuwa na ufito ambao wanawake wa kijiji kizima waliuonea wivu. Wao walikata matawi ya mkalitusi, na tawi la mkalitusi, hata likiwa limenyooka Jumatatu, Ijumaa limeshajikunja. Ufito wa mama ulikuwa wa msaipresi, mkavu, mwepesi, umelainishwa kwa kipande cha chupa hadi mkono ukateleza. Ulikuwa na tundu dogo kila ncha. Katika tundu moja mama alipitisha kamba, akautundika kikapuni akienda na kurudi. Aliyemtengenezea alikuwa baba. Huo haukuwa wa kwanza, ulikuwa wa tano. Mmoja ng'ombe aliukanyaga, mmoja mama alimpa rafiki yake wa kanisani, mmoja uliishia kuwa wa kuanikia vitunguu jikoni, na mmoja ulibebwa na maji mvua kubwa ilipompata mtoni. Kila ulipopotea, baba alimwacha mama alalamike siku moja au mbili, halafu asubuhi moja ufito mpya ukaonekana umeegemea mlango wa jikoni. Hakusema kitu. Mama naye hakuuliza. Aliuchukua, akaupima kwa jicho moja kama fundi, akaenda nao shambani akijidai.

"Fito kama hii haiuzwi," aliwaambia wenzake kwenye kituo cha kupimia majani. "Hii unatengenezewa."

Basi mgongo wa mama ukaanza kuuma. Haukuanza kwa kishindo. Mwanzoni aliamka asubuhi akiwa ameshika kiuno, akatembea akikunja uso mpaka chai ya kwanza iwe tayari, kisha maumivu yakaisha. Baadaye yakawa hayaishi hadi saa nne. Mwishowe akawa anainuka kitandani kwa kushika ukuta, na akijitwika kikapu cha chai mgongoni anauma mdomo asije akasikika.

Daktari wa zahanati alimsikiliza vizuri, akamuuliza kazi yake, akamuuliza na anavyolala. Akampa dawa za kutuliza. Halafu akamwambia apumzike kubeba kikapu, na ikiwa maumivu hayatapungua baada ya wiki chache, basi kikapu akiage kabisa.

Mama alirudi nyumbani akiwa mnyonge kama mtu aliyefukuzwa kazi. Na lazima niseme wazi kwa nini, kwa sababu wapo watakaodhani kuambiwa upumzike ni zawadi. Ile michai aliipanda yeye, mmoja mmoja, akiwa na mimba yangu. Shambani ndiko walikokuwa rafiki zake, ng'ambo ya ua na ng'ambo ya njia, wakiitana kutoka mstari hadi mstari. Huko ndiko alikopata habari zote za dunia, ndiko alikocheka, ndiko alikoimba. Kumtoa mama kwenye chai ni kumfungia jikoni na sufuria zake, na sufuria hazina habari za mtu.

"Daktari ameuliza nalala wapi," alisema jioni hiyo tukinywa mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni. "Mimi nafikiri ni godoro. Imeisha."

Baba aliweka kikombe chini.

"Nini imeisha?"

"Godoro."

"Hii kotoro yangu?"

"Sisi wawili tunalala kwa godoro ngapi?"

Baba alinigeukia mimi, kama ilivyokuwa kawaida yake kila hoja ilipomzidi. Alisema kikapu ndicho kinachovunja mgongo, kila mtu anajua hivyo, hata daktari amesema. Godoro halijawahi kumkalia mtu mgongoni. Kikapu ndicho kinamlemea mtu mchana, na usiku godoro linampokea. Kisha akasema kwamba kama mtu anabisha, mwalimu wa hesabu yupo, na apime.

Mimi nilifurahi mno. Ujana una kiburi chake, na kiburi changu kilikuwa rula. Nikamwambia mama kwamba jambo hili litaamuliwa kisayansi.

Jumamosi, baada ya kukama, baba na mama walilitoa godoro nje, wakalilaza kwenye nyasi nyuma ya nyumba, mahali ambapo wapita njia hawangeliona. Nilisimama mbali kidogo mpaka walipoliweka chini, kisha nikasogea. Nilikuwa nimejadili moyoni jinsi ya kulipima bila kulilalia, maana kulilalia kusingewezekana, liwe ndani au nje. Jibu nilikuwa nimelipata kwa mama mwenyewe.

"Mama, niletee fito yako."

Nilieleza kwa sauti ya darasani. Godoro lililochoka huwa na bonde pale kiuno kinapolala. Tukilaza ufito juu yake kama tunavyoulaza juu ya michai, bonde litaonekana chini ya ufito, na bonde likionekana litapimwa kwa rula. Hata baba alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mama alikunja mikono, akangoja.

Nililaza ufito kwa urefu, kichwani, katikati, miguuni. Nikaulaza kwa upana. Kwa upana ulilingana na godoro sawasawa, ncha kwa ncha, utadhani walizaliwa pamoja. Nikaona ni bahati nzuri ya vipimo. Nikapiga magoti, nikachungulia chini ya ufito upande huu na upande ule. Pale kiunoni palikuwa na mwanya ambao kidole changu kidogo hakikupita. Kwa godoro la miaka yote hiyo, lilikuwa na afya kuliko wengi wetu.

"Liko sawa," nilitangaza.

Hakuna aliyelilalia. Mimi nimeshasema kwa nini. Baba alisema yeye si mgonjwa wa kulala uani mchana. Mama alisema watu wa njiani wataona. Kwa hiyo tulilipima godoro bila mtu juu yake, kisha tukalirudisha. Yaani mimi nilirudi nyuma, wao wakalirudisha.

Baba siku hiyo alitembea kama aliyeshinda kesi. Mama hakubishana. Jumatatu yake alikuja mchumaji wa kulipwa, mwanamke wa ukoo wetu, mpole na mwepesi wa mikono. Mama alimwonyesha mistari, akamwambia pale penye mteremko utelezi ni mbaya, akampa kikapu. Ufito hakumpa. Aliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, akaanza kuchambua maharagwe ambayo tayari yalikuwa yamechambuliwa.

Wiki mbili zile zilikuwa za ajabu. Nyumba haikuwahi kuwa safi hivyo, wala mama hakuwahi kuwa mkimya hivyo. Nikitoka shule nilimkuta amesimama kwenye kona ya ua, akitazama shamba, akisikiliza wenzake wakicheka huko chini. Waliporudi kutoka kituoni wakampungia mkono, aliupunga wake kidogo tu. Na mgongo haukupona. Hapo ndipo wasiwasi uliponiingia, kwa sababu kikapu kilikuwa kimeondoka na maumivu yamebaki. Nilianza kujiuliza juu ya ile hesabu yangu, lakini sikusema. Mwalimu akikosea ubaoni hufuta polepole, akitumaini darasa limelala.

Aliyenifungua macho ni mama mwenyewe. Siku moja ya jua kali, baba akiwa amekwenda sokoni, yeye na yule mchumaji walilitoa godoro lipigwe jua. Baada ya chakula cha mchana mama akalitazama, akatazama njia, hakuona mtu. Akalala. Alisema alitaka kunyoosha miguu kidogo tu. Aliamka ng'ombe wakiwa wanarudi.

Nilipofika nilimkuta ameinama akiokota kuni. Ameinama, nasema, tena bila kushika kitu, bila kuugua. Akainuka akiwa na mzigo mkononi, akanitazama kwa muda.

"Weri," akaniita, jinsi mama zetu wanavyoita vijana wao hata wakiwa na ndevu, "wewe ulipima godoro. Hukupima kulala."

Maneno hayo yalinichoma, nakiri. Nilikwenda nyumbani kwangu, nikakaa kitandani kwangu, nikafikiri. Godoro lile lile. Nje linamponya, ndani linamvunja. Mtoto wa darasa la tatu angejua kwamba kosa liko ndani, na ndani ndiko nisikoweza kwenda. Baba angeweza kwenda, lakini baba alikuwa anatetea godoro na hakuwa na habari na kingine chochote.

Kesho yake nilipita Sigowet, kwenye duka lililouza lile godoro. Mwenye duka alikuwa mama mmoja aliyehamia kwetu zamani kutoka upande wa Murang'a, mjane, mwenye ulimi mwepesi na moyo mweupe. Aliuza magodoro, blanketi na masanduku ya wanafunzi, na siku za Jumapili alikaa benchi moja na mama kanisani. Nilimweleza yote, pamoja na ufito na rula. Alinisikiliza hadi mwisho akikunja blanketi.

"Mwalimu," akasema, "wewe umesoma mpaka wapi?"

Nikamwambia.

"Na hapo kote hawakukufundisha godoro inapimwa ikiwa kwa kitanda, mtu akiwa juu? Mimi siwezi uza godoro ya kulala nyasi. Nitakuja Jumamosi. Ikiwa ni mbaya, nitasema ni mbaya hata kama niliuza mimi."

"Baba hatapenda mgeni aingie kule chumbani."

"Mficha uchi hazai," akajibu, akaweka blanketi kwenye rafu.

Alikuja kweli, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Baba alimkaribisha kwa heshima, akampa kiti, akaanza kumsifia godoro lake mwenyewe. Mama wa duka alikunywa chai, akasema asante, akasimama.

"Mama Mwalimu, nionyeshe."

Wakaingia wote wawili, na mlango wa chumba ukafungwa. Mimi na baba tulibaki nje kwenye benchi, chini ya dirisha. Baba alikuwa mtulivu kabisa. Tulisikia kitanda kikilia, ule mlio ninaoujua. Tukasikia mama wa duka akisema atalala upande wa mama kwanza. Kisha akasema, "Wee," kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Akageuka upande wa pili. Akamwambia mama wainue godoro. Akauliza haya magunia ni ya nini, na mama akamjibu kwamba baba ndiye aliyeyashona pamoja akayatandika chini ya godoro ili lisichubuliwe na mbao. Akauliza kama kuna kijiti cha kuchokorea huko chini. Mama alikwenda jikoni akarudi. Ndani pakawa na mgongano wa mbao na mbao. Halafu nikasikia jambo ambalo sikulitegemea: mama akicheka. Alianza polepole, akajizuia, akashindwa.

Nilimtazama baba. Baba alikuwa anatazama ng'ombe.

Mama wa duka alitoka akiwa ameshika ufito wa mama.

"Mzee," akasema, "hii kitanda ilitoka kwa fundi na chaga ngapi, hizi mbao za kubeba godoro?"

"Za kutosha."

"Mimi nimehesabu sita. Ziko kwa kichwa na ziko kwa miguu. Hapo katikati, mahali mtu anaweka kiuno, hakuna kitu. Ni gunia tu. Mkono yangu imeingia mpaka hapa kwa bega."

"Huyo fundi alipenda kuzidisha chaga," baba akasema. "Zilikuwa nyingi."

"Nimechukua hii fito ya mama nikaiweka pale kwa pengo. Imelala kama imefika kwao. Kwa ubavu ya kitanda kuna msumari, kwa fito kuna tundu. Msumari imeingia kwa tundu, huku na huku." Akaweka ufito magotini mwa baba. "Mimi niliuzia wewe godoro ya kulalia, Mzee. Sikuuza godoro ya kuziba shimo."

Kikulacho ki nguoni mwako, na cha mama kilikuwa mkononi mwake, akikitembeza shambani na kujisifia nacho. Nami nilikuwa nimekishika kwa mikono yangu miwili, nikakipimia, nikakiona kinalingana na godoro ncha kwa ncha, nikasema ni bahati. Yale matundu niliyatazama kila siku nikidhani baba aliyatoboa kwa ajili ya kamba. Bado nikikumbuka huwa natamani kuichoma ile rula.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, machozi ya kicheko yakimtoka. Alipopata pumzi aliuliza swali moja.

"Zote tano?"

Baba aliupitisha mkono juu ya ufito, pale alipoulainisha.

"Zote," akasema.

"Na msitu yote hiyo, Baba Mwalimu? Huku kote ni miti."

Kweli, penye miti hapana wajenzi. Kutoka kwetu mtu akitazama upande wowote anaona misaipresi na mikalitusi mpaka macho yanachoka. Baba alipoanza kusema alikuwa anaongea na ule ufito.

"Mbao mbichi inapinda. Ya kununua ina mafundo. Hii ya kitanda ilikuwa imekauka miaka mingi, na ya katikati ndiyo ilikuwa imenyooka kushinda zote. Nilijua kotoro itashika, ni hevi duti." Akaugeuza ule ufito magotini. "Nilikuwa nataka fito yako iwe mzuri kuliko ya wale wengine."

Hakuna aliyecheka hapo. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno ya mahaba. Sijawahi kumsikia akimsifu mama hata kwa mursik, na mursik wa mama ulisifiwa hadi ng'ambo ya mto. Lakini kwa miaka kadhaa alikuwa akitoa ubao baada ya ubao chini ya usingizi wake mwenyewe ili mama atembee shambani akijidai. Niliona haya kuwatazama, nikatazama ng'ombe na mimi.

Ni mama wa duka aliyetuokoa.

"Na mgongo yako wewe, Mzee? Kwa sababu hilo shimo si la mama peke yake."

Baba alikohoa.

"Yangu pia inauma," akakubali. "Tangu mwaka jana."

"Na ulinyamaza?" mama akauliza.

"Ningesema nini? Na mimi ndiye nilisema kotoro iko sawa."

Basi tukacheka wote, na baba naye, mpaka mbwa akaja kuona kuna nini. Mama wa duka alitoa hukumu yake akiwa anafunga kitambaa vizuri: godoro ni zima, lina miaka mingine mbele yake, baba alikuwa amesema kweli; mama naye alikuwa amesema kweli kwamba kitanda kinamuumiza; aliyekosa ni mwalimu. Sikukata rufaa. Akakataa kuuza godoro jipya pale alipoweza kuliuza, akarudi Sigowet na kibuyu cha mursik.

Jioni hiyohiyo baba alikwenda kwa wapasua mbao, akarudi na mbao tano za msaipresi mkavu. Alimwomba mama amrudishie na ule ufito, uwe wa sita, ili kitanda kiwe imara zaidi kuliko fundi alivyokiacha. Mama aliuficha nyuma yake.

"Kitanda itafutiwe yake. Hii ni yangu. Kongoi."

Kongoi ni asante kwetu, na sijui kama mama alikuwa anamshukuru kwa mbao au kwa ufito. Baba aliinua nyundo, akaingia ndani. Nilisimama nje ya dirisha, mahali pangu, nikimpitishia misumari, nikahesabu mapigo ya kila ubao. Hesabu hiyo ilitoka sawa.

Mama hakupona kwa siku moja. Wiki ya kwanza aliacha kushika ukuta. Wiki ya pili daktari alimgonga mgongo, akamwinamisha, akamruhusu kubeba kikapu nusu. Mchumaji wa kulipwa alibaki naye kubeba ile nusu nyingine, na ikawa wamepatana sana, maana mama alikuwa na habari za mwezi mzima za kufidia.

Asubuhi aliyorudi shambani nilikuwa nikienda shule. Ukungu ulikuwa bado haujainuka mtoni. Wenzake walimwona kabla yangu, wakapiga kelele kutoka mistari yote, na mmoja akauliza kwa sauti kama ile fito bado ni ile. Habari ilikuwa imeshawafikia. Huku kwetu habari haihitaji barabara.

"Ni ileile," mama akajibu, akiwa amevaa aproni yake ya nailoni ya godoro. "Ya kwenu ilitoka kwa mti. Yangu ilitoka kwa kitanda ya bwana yangu."

Vicheko vilipanda mlimani hadi nikavisikia mpaka kwenye daraja. Lakini kabla sijafika darajani aliniita. Nikageuka. Alikuwa ameulaza ufito juu ya michai, amesimama wima, mikono kiunoni, mgongo umenyooka kuliko nilivyouona mwaka mzima.

"Mwalimu," akasema, "kuja upime."